Biskuti za Kumpata Badru

Mliofuata mkasa wangu tangu mwanzo mnanijua. Mimi ndiye Sikudhani wa Kibiti, yule ambaye Amri alimwacha kwa talaka ya mdomo huku anafunga kamba za viatu, yule ambaye kibanda chake cha maandazi kilikumbwa na lori la korosho, na juma lililopita mliniacha nacheka peke yangu njiani kama punguani kwa sababu Badru, kijana wa mitumba, ameniambia, "Sikudhani, nataka kukuoa."

Basi nilicheka mapema. Sentensi ya Badru ilikuwa haijaisha.

"Nataka kukuoa," alisema, "ila kuna Babu."

"Babu ana nini?"

"Babu hajatoa radhi kwa mtu yeyote tangu Bibi afariki. Na mimi bila radhi yake sioi, Siku. Baba yangu alikufa nikiwa natambaa. Yule mzee ndiye aliyenilea."

Nikakunja uso, lakini moyoni nikampenda zaidi. Nilishaolewa na mwanaume asiyemheshimu mtu, najua mwisho wake.

Huyo Babu, kwa msiomjua, naye anaitwa Badru. Kwetu mtoto wa kiume huchukua jina la babu yake, na nadhani hata kwenu ni hivyo hivyo. Mzee Badru wa Mahege alikuwa na mikorosho mingi na hasira nyingi zaidi. Salamu yake ilikuwa kukuuliza umekuja kuomba nini.

"Hakuwa hivyo," Badru alinieleza. "Ni tumbo. Daktari alimkataza ngano. Halafu akamkataza mchele, mahindi, mtama, kila kinachoitwa nafaka."

"Maskini! Mtu wa Rufiji bila wali?"

"Subiri. Akaenda na kwa mganga wake kule Mohoro, ili mganga naye asijione ametupwa. Mganga akamkataza kila kitu kilichotoka kwa kiumbe chenye pumzi. Nyama, samaki, mayai, maziwa, samli."

"Si afuate mmoja basi!"

"Anafuata wote wawili. Anasema akimwacha mmoja, huyo huyo ndiye atakayekuwa mkweli."

Nikacheka mpaka nikashika ukuta. Badru hakucheka.

"Anakula muhogo wa kuchemsha na ndizi tu, Siku. Jioni anakwenda dukani kukaa na wenzake. Wenzake wanachovya biskuti kwenye chai ya rangi. Yeye anachovya kidole."

Hapo kicheko kikanikauka.

Mnakumbuka ile miaka ya ruksa, bidhaa za nje ziliporuhusiwa kuingia, ilivyokuwa. Juzi tu tulipanga foleni ya sabuni, leo duka la Kibiti limejaa biskuti za pakiti za kila rangi, zenye maandishi ambayo hata mwalimu mkuu hawezi kuyasoma. Biskuti hizo ndizo zilizonifilisi mimi na maandazi yangu. Na sasa naambiwa kuna mzee anazitazama kila jioni kama mtoto aliyenyimwa.

"Nitampikia biskuti," nikasema.

"Biskuti bila unga?"

"Muhogo ni nafaka?"

Badru akafikiri. "Siyo."

"Korosho je? Nazi?"

"Siku, ukimpikia Babu kitu akakila, radhi tumeipata."

Hayo ndiyo yaliyoniingiza jikoni. Nataka mnielewe vizuri: sikuwa nawapikia wateja, wala sikuwa nataka sifa. Nilikuwa namtafuta Badru, na njia ya kumpata ilipita kwenye tumbo la mtu mwingine.

* * *

Shangazi yangu Zaitun, ambaye nilikuwa nakaa kwake tangu Amri aniache, alinikuta natwanga makopa, ule muhogo mkavu.

"Unapika ugali saa hizi?"

"Biskuti, Shangazi."

"Za makopa? Mwanangu, mapenzi yamekupanda kichwani."

Nikachekecha unga ule mpaka ukawa laini kama poda. Nikaukanda kwa maji na sukari, nikakata vidonge, nikavipanga kwenye sufuria lenye mchanga chini, nikafunika na kupalia makaa juu ya mfuniko. Moto juu, moto chini, kama ninavyooka keki za sikukuu.

Zikatoka nyeupe, nzuri za kutazamwa. Shangazi akang'ata moja, akaitoa mdomoni, akaichunguza.

"Hii ni ya kula au ya kuezekea?"

Akaitupa uani. Ikampata kuku, na kuku yule hakurudi mpaka magharibi.

Nikaanza upya. Safari hii nikakaanga korosho, nikazisaga pamoja na unga wa makopa. Nikakuna nazi, tui zito nikalichemsha mpaka likatoa mafuta, hayo yakawa badala ya samli. Chicha nikaianika, nikaichanganya humo humo. Kwa kuwa yai halimo, nikatia asali ya porini ishikamanishe. Na iliki.

Harufu ilitoka pale jikoni ikaenda mpaka barabarani. Jirani akaja kuuliza nani anaolewa.

"Mimi," nikamwambia, "inshallah."

Shangazi alikula nne bila kusema neno, na kwa anayemjua Shangazi, kimya chake ni hotuba.

* * *

Badru alinipakia kwenye baiskeli mpaka Mahege, akanishusha penye kichaka, mbali kidogo na nyumba ya Babu.

"Huji?"

"Akiniona atajua tumepanga. Nenda mwenyewe."

Mwanaume huyo! Nikaenda na bakuli langu limefunikwa kitambaa. Mzee Badru alikuwa kibarazani, mwembamba, kanzu inamwogelea, uso umefungwa kama duka la Ijumaa mchana.

"Shikamoo, Babu."

"Marahaba. Umekuja kuomba nini?"

"Sijaja kuomba. Naitwa Sikudhani, natoka Kibiti. Nimekuletea biskuti."

"Nani amekutuma uniue?"

"Hazina ngano, Babu. Hazina mchele wala mahindi. Hazina yai, hazina maziwa, hazina samli."

"Zina nini sasa? Dua?"

"Muhogo, korosho, nazi, na asali."

Wakati huo mkono wake ulikuwa umeshaingia bakulini. Alikuwa ameifikisha biskuti mdomoni, naona meno yake mawili yanaisubiri, mara akasimama.

"Asali inatoka wapi?"

"Kwa nyuki."

"Na nyuki hana pumzi?"

Mimi nina mdomo ambao umeniponza mara nyingi, mnajua. Ukanijibia wenyewe. "Sijawahi kumsikia akihema, Babu."

Loo! Nilitamani ardhi inimeze. Mzee alinikazia macho. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika, kanzu ikatikisika, na kikatoka kicheko kikavu chenye vumbi, kicheko cha mtu aliyekisahau. Kule kichakani nikasikia baiskeli inaanguka. Badru hakuwa amemsikia babu yake akicheka siku nyingi.

"Rudi nazo," Mzee akasema huku anajifuta macho. "Ukija tena, uje bila nyuki."

Mmesikia? Ukija tena!

* * *

Nyumbani nikaweka tende badala ya asali. Zilikuwa zimebaki kidogo tangu mfungo, Shangazi alizificha juu ya kabati akidhani sijui. Nikazitoa kokwa, nikaziponda na ndizi mbivu moja, zikashikamana kuliko asali yenyewe. Nikasukuma, nikakata, nikaoka, nikafunga bakuli. Niko mlangoni kabisa Shangazi akaniuliza:

"Kibao ulikipaka nini zisigande?"

"Unga."

"Unga gani?"

Nikageuka nyuma. Kwenye kibao cha kusukumia kulikuwa na vumbi jeupe la ngano. Mkono wangu, kwa mazoea ya maandazi ya kila siku, ulikuwa umejinyunyizia wenyewe wala haukuniuliza.

Nilikaa chini nikalia. Kweli nililia, msinicheke. Nilijiona nampelekea yule mzee tumbo la kumlaza kitandani, kisha nasimama pembeni nadai radhi.

"Nyamaza," Shangazi akasema. "Hizo tutakula sisi wenye matumbo ya shaba. Osha kibao, osha na mikono mpaka viwiko. Nyunyiza muhogo. Na hizo tende zangu utanilipa kwa ubwabwa wa harusi."

Tukaanza tena, yeye anasaga, mimi nasukuma.

Safari ile ya pili Mzee Badru aliuliza habari za kila kitu, mpaka maji nimeyachota wapi. Nikajibu. Akaichukua moja, akaichovya kwenye kikombe cha chai ya rangi, akaiacha ilainike, akaitia mdomoni akafumba macho.

Alikaa hivyo. Nikaanza kuogopa.

"Babu? Vipi?"

"Chumvi imezidi kidogo," akasema. Lakini shavu lilikuwa limelowa, na chumvi haikuzidi hata chembe. Mimi nikatazama mikorosho ili asione kwamba nimeona.

Alikula bakuli zima. Alipomaliza akalamba kidole chake, akaniambia:

"Mke wangu, unarudi lini?"

Hapo nilijua nimeshinda. Kwetu babu hutaniana na mjukuu, na mke wa mjukuu, au mchumba wake, babu humwita mke wangu. Ni utani wa kila nyumba. Asiyekutania ndiye wa kuogopa. Nikasema moyoni: Mzee amekwisha kunusa kwamba mimi ni wa mjukuu wake, na amekubali.

"Nitarudi kesho kutwa, mume wangu," nikamjibu.

"Nikikuoa utanipikia hizi kila siku?"

"Kila siku, mpaka meno yaishe."

"Yameshaisha, mama. Fanya haraka."

Tukacheka wote wawili.

Ikawa ndiyo kawaida yetu. Naenda Mahege na bakuli, namkuta amekaa ananisubiri. Ananiita mchumba, namwita bwana. Ananinunia nikichelewa, namwambia asiwe na wivu. Akaanza kunenepa. Akaanza kwenda dukani jioni na biskuti zake mfukoni, anazichovya mbele ya wenzake polepole makusudi wamuone. Wenzake wakimwomba anasema, "Hizi ni dawa." Mahege nzima ikashangaa Mzee Badru anasalimia watoto.

Nikamwambia Badru wangu, "Sasa ni wakati. Nenda kaombe."

* * *

Badru akaenda kwa Babu. Alirudi anatabasamu hadi masikioni.

"Amekubali?"

"Ameniambia, nikupelekee posa kwa nani? Nikamwambia, kwa Sikudhani wa Kibiti. Akaniuliza, posa ya Badru? Nikasema, ya Badru. Akasema, basi nitaipeleka."

Nilirusha kanga juu. Shangazi akaidaka.

Siku ya posa Badru alikuwa Kariakoo kuchukua robota la mitumba, na ndivyo inavyotakiwa, mposaji hajipeleki. Mzee Badru haamini mambo ya barua. Alimtuma mshenga, rafiki yake Mzee Muhidini, mwenye ndevu nyeupe mpaka kifuani, pamoja na wazee wengine wa Mahege. Wakakaribishwa ukumbini na Baba yangu, aliyekuja kutoka shamba na koti lake la Idi. Mimi na Shangazi tulikuwa nyuma ya pazia, masikio nje.

"Tumetumwa na Badru wa Mahege," Mzee Muhidini alianza. "Ameona ua katika nyumba hii, anaomba alichume kwa heshima."

"Badru tunamjua," Baba akasema.

"Nani asiyemjua Badru! Mtu mtulivu, hana mambo ya vijana wa siku hizi."

"Kweli, hilo hata mimi nimeliona."

"Swala tano hakosi."

Baba akaguna kwa furaha. Shangazi akanifinya paja.

"Na shamba lake la mikorosho mnalijua, lile linaloanza kisimani."

"Shamba lile ni la Badru?" Baba akauliza.

"La Badru. La nani tena?"

Shangazi akaninong'oneza sikioni, "Siku! Babu yake amempa shamba zima!" Nikaziba mdomo kwa kanga nisipige kelele.

Baba akamwita Shangazi aje aniulize. Mnajua desturi. Mwali akiulizwa huinamisha kichwa, akinyamaza amekubali. Lakini mimi nilikwisha kuolewa nikaachika, na mwanamke wa namna yangu kimya chake hakihesabiwi. Sharti aseme, na mashahidi wasikie.

Shangazi akasimama kwenye pazia, nusu yake huku, nusu kule. "Sikudhani. Badru wa Mahege ameleta posa. Umeridhia?"

Ningeweza kusema polepole. Wanawake wenye adabu husema polepole. Lakini nilimkumbuka Amri na kamba zake za viatu, nikakumbuka mchana wote niliotwanga makopa, na furaha ikanipanda kooni.

"Nimeridhia!" nikasema. "Nimeridhia, nimeridhia!"

Walisikia mpaka waliokuwa barabarani wanasubiri basi. Vigelegele vikapigwa na watu wasiotuhusu. Ukumbini Mzee Muhidini akasema alhamdulillahi, wakasoma fatiha, mambo yakawa yamekwisha.

"Sasa," Mzee Muhidini akasema huku anapangusa uso, "kuna ombi moja dogo la bwana harusi. Ngoma isikeshe. Kukesha hawezi, kwa ajili ya magoti."

"Magoti yamefanya nini?" Baba akauliza. "Ameanguka?"

"Umri, ndugu yangu. Umri."

Nikasikia kiti cha Baba kinalia.

"Mzee Muhidini, samahani. Badru ana umri gani?"

"Haswa sijui. Ila mimi na yeye tuliingia jando kumbi moja."

Niliona kwa tundu la pazia Baba anazitazama zile ndevu, kutoka kidevuni anashuka nazo polepole mpaka kifuani.

"Badru yupi?" akauliza kwa sauti ndogo.

"Badru yupi!" Mzee Muhidini akashangaa kweli kweli. "Kwani mnamjua mwingine mwenye shamba?"

Shangazi aliyekuwa katikati ya kigelegele alikimeza. Kikamkwama, akakohoa, tukampiga mgongoni.

* * *

Wageni walipoondoka Badru mdogo aliteremka kwenye basi na robota lake kichwani, watu wakimpa hongera njia nzima. Akaingia anacheka. Akatukuta tumekaa kama tuko msibani.

Baba akamweleza. Badru akaweka robota chini, akaangua kicheko.

"Utani huo! Nyinyi hamumjui Babu? Nilimwambia apeleke posa ya Badru, akapeleka ya Badru. Ananitania! Sasa hivi amekaa pale kibarazani anajicheka peke yake."

Moyo wangu ukatua. Ewaa. Utani. Lazima iwe utani.

"Basi nenda kamuulize," Baba akasema.

Badru akaacha kucheka. "Mimi?"

"Si babu yako?"

"Baba, nikienda nimuulize kama anatania na kumbe hatanii, si nimemwambia usoni kwamba amezeeka, hafai kuoa? Radhi nitaipata wapi tena?"

"Na mimi nikienda nimkatalie, na kumbe alikuwa anatania," Baba akasema, "Mahege yote itanicheka mpaka nife. Mkwe asiyejua utani!"

Shangazi akasema yeye hayumo.

Tukatazamana. Ndipo nilipoona ubaya wa jambo hili. Tukicheka na kumbe ni kweli, tumemvunjia heshima. Tukikasirika na kumbe ni utani, sisi ndio wajinga. Na tukinyamaza tu, shekhe ameshaambiwa Ijumaa aje afunge ndoa, maana mdomo wangu mwenyewe ulisema nimeridhia mbele ya mashahidi na abiria wa basi.

"Nitakwenda mimi," nikasema.

"Siku…"

"Ananiita mke, namwita mume. Kama ni utani tumeuanza wawili, tutaumaliza wawili."

Badru alinishika mkono mbele ya Baba, jambo ambalo hajawahi kulifanya. "Muulize vizuri," akaniambia. "Usimuumize. Lakini Siku, usinipoteze na mimi."

* * *

Nilioka biskuti kesho yake asubuhi, kwa sababu siwezi kwenda kwa Mzee mikono mitupu. Nilinyunyiza muhogo, nikapalia makaa, nikazitoa zikiwa nzuri kuliko zote nilizowahi kupika, na nilikasirika nazo.

Njiani nilijipa moyo. Nikajisemesha: atacheka, atanichapa na bakora ya uongo, atasema mmeona mlivyoogopa!

Nilipofika nyumba ilikuwa imepakwa chokaa mpya.

Nikasema ni kwa ajili ya harusi ya mjukuu. Lazima.

Mlangoni kulikuwa na mkeka mpya haujakanyagwa. Nikasema, wa wageni.

Mzee Badru alikuwa kibarazani, kanzu imepigwa pasi, na ndevu zake, jamani, ndevu zake zilikuwa zimetiwa hina. Nyekundu kama embe dodo. Kwa hizo sikupata la kujisemesha.

"Shikamoo, Babu."

"Marahaba." Hakuniita mke wangu. Hakuniita mchumba. Aliinuka, yeye na magoti yake, akanisogezea kiti. Hajawahi kunisogezea kiti.

Nikaweka bakuli katikati yetu. Hakugusa.

"Babu," nikasema. "Babu, nina swali, na nakuomba usinikasirikie. Mjukuu wako ananipenda. Mimi nampenda. Nilikuja hapa mara ya kwanza kwa ajili yake. Ile posa uliyoleta… ni utani?"

Akatazama mikorosho yake. Kisha akachukua biskuti moja, hakuichovya, akaishika tu kiganjani.

"Ulikuwa utani," akasema.

Nikashusha pumzi yote niliyokuwa nayo. Nikacheka, nikapiga makofi, nikamwambia, "Babu wewe! Umetuua! Baba hajala tangu jana! Badru ndiyo usiseme!"

Nilicheka peke yangu.

"Niliwatuma wakutanie," akasema. "Nilijua utakataa. Nilimwambia Muhidini, binti yule ana mdomo, atawajibu maneno mje mnisimulie nicheke mpaka Idi. Kisha ningempa mjukuu wangu radhi, na shamba ningempa." Akaiweka biskuti bakulini, taratibu, mahali pale pale alipoitoa. "Muhidini akarudi analia. Ananiambia, Badru, amesema nimeridhia. Hakusema mara moja. Amesema mara tatu, na furaha ilimjaa hata kule njiani watu walipiga vigelegele."

Akaniangalia. Macho yake hayakuwa na mzaha hata kidogo.

"Mwanangu," akasema, "ulikuwa unamwitikia nani?"